Tundu Halingoji Kikao Kiishe

Hapa Lubumbashi mtoto akizaliwa na kasoro ya mwili, ukoo hauanzi na daktari, unaanza na kesi. Anatafutwa mwenye kosa. Ni mahari iliyobaki nusu? Ni mjomba aliyeudhika siku ya harusi? Ni mama mwenyewe, alipita wapi na mimba? Siku hizi kesi hizo zina mshitakiwa mpya, machimbo, na huyo ana mashahidi wengi kuliko mjomba yeyote.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Kampemba, kwa hiyo kesi ya kwetu ilipofunguliwa niliitwa kama mtaalamu. Mtoto ni wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa ameshapita miezi mitatu na uzito wake bado ulikuwa kama wa mtoto aliyezaliwa juzi. Akinyonya, jasho linamtoka kichwani hata katika asubuhi za baridi za mwezi wa sita. Anaachia ziwa, anahema, anarudi, anaachia tena. Kituo cha afya kilishamtibu malaria, kikamtibu nimonia, kikarudia nimonia. Mwishowe daktari mmoja kijana akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko desturi, akasema kuna mlio, akaandika karatasi ya ekografia ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Karatasi hiyo ikalala ndani ya Biblia ya shemeji yangu, kwa sababu kwanza ilibidi kikao kikae.

Upande wa mume ulisema damu ya kwetu ina kitu, maana nkambo wetu mmoja alizika watoto wengi. Upande wetu ulikuwa na jibu moja tu, lakini zito: shemeji anafanya kazi katika kiwanda cha kuchakata shaba na kobalti, anarudi na vumbi kwenye nguo, na mdogo wangu ndiye anayezifua. Mama mkubwa akanigeukia. "Mwalimu, we unasomaka bitabu. Sema, ni damu ya nani?"

Nikasema nitajibu, ila mtoto apelekwe ekografia kwanza. Siku ile halikukubaliwa. Lilikubaliwa baadaye, baada ya manung'uniko mengi, na majibu yakaja: tundu kubwa katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya wale ambao kikao chao bado kinaendelea. Swali la nani nitalijibu, kwa sababu ni swali halali na sayansi imelifanyia kazi. Lakini kuna swali jingine, la lini, na hilo ndilo lina saa inayotembea.

Moyo wa mtoto huanza kupiga akiwa tumboni, karibu na mwisho wa wiki ya tatu tangu mimba itunge. Kufikia wiki ya nane kuta zake zimeshajengwa na milango yake mikuu imeshawekwa. Wakati huo akina mama wengi ndiyo kwanza wanahesabu siku na kujiuliza. Kwa hiyo ukuta ukibaki wazi, umebaki wazi kabla mtu yeyote hajajua kuna mtoto. Kile kizito alichokibeba mama mwezi wa saba, au ule ugomvi wa mwezi wa nane, havimo. Duniani kote takriban mtoto mmoja kati ya kila mia huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na tundu la aina hii ndilo linaloonekana zaidi kuliko kasoro nyingine. Yako matundu madogo yanayojifunga yenyewe bila kuguswa na mtu. La kwetu halikuwa la namna hiyo.

Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu kwa nguvu, maana inakwenda mwili mzima. Upande wa kulia husukuma kwa upole, kwa sababu mapafu yako jirani. Ukuta wa kati ukiwa na tundu kubwa, damu ya kushoto hupenya kwenda kulia na kuyafurika mapafu, damu iliyokwisha pata oksijeni inarudishwa huko huko ilikotoka. Mapafu yakilowa namna hiyo mtoto anahema haraka, anashika nimonia kila mara, na kunyonya kwake kunakuwa kazi ya jasho. Maziwa yote anayopata yanaishia kwenye kuhema. Hayabaki ya kumnenepesha.

Ndugu walinilaumu kwa kuwatetea wakunga. "Juu ya nini habakuona pa maternite?" Hawakuona kwa sababu siku hizo hapakuwa na la kuona. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu yake bado imebana kama ilivyokuwa tumboni, na mbano huo unazuia damu isipite sana kwenye tundu. Hakuna mlio, hakuna kuhema. Mbano unalegea wiki baada ya wiki, na ndipo damu inapoanza kufurika. Mtoto mwenye tundu kubwa anaweza kutoka hospitali akiwa mzuri kabisa, akapigwa picha na shangazi zake wote, halafu akaanza kuchoka akiwa na mwezi mmoja au miwili. Cha ajabu zaidi, tundu dogo mara nyingi ndilo lenye mlio mkali, na kubwa linaweza kuwa na mlio hafifu.

Sasa nakuja penye hatari yenyewe, na hapa naomba msomaji asiniruke.

Mapafu yakifurika kwa miezi mingi, mishipa yake midogo hujilinda. Kuta zake zinanenepa, zinakuwa ngumu, zinajibana. Damu inayofurika inapungua. Mtoto anaacha kutoka jasho, anahema polepole, anaanza kula, hata anaongeza kilo. Ukoo mzima unashukuru. "Mungu amemuponyesha, anakula muzuri, juu ya nini tena tumupeleke mbali?" Hata dawa alizoandikiwa zinasahauliwa juu ya kabati. Lakini alichopata si uponyaji. Mishipa inaendelea kuwa migumu hadi msukumo wa upande wa kulia unaushinda ule wa kushoto, na damu chafu, isiyo na oksijeni, inaanza kuvuka kwenda mwilini. Midomo inageuka rangi, kucha zinavimba ncha. Daktari wa Austria, Victor Eisenmenger, alieleza hali hiyo mwaka 1897 na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ikifika huko, kulifunga tundu ni kumuua mtoto, kwa sababu tundu limekuwa mlango wa pekee wa kupumzisha upande wa kulia. Ile miezi ambayo mtoto alionekana kupona ndiyo iliyokuwa miezi ya mwisho ya kumpasua.

Ndiyo maana daktari wa moyo tuliyemwona alipouliza umri wa mtoto hakuwa akijaza fomu tu. Tundu kubwa la namna ile hufungwa vizuri zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa watoto wenye trisomia 21 (hali iitwayo pia Down, kromosomu ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili), ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, mapafu huharibika mapema zaidi, na kasoro yao kubwa inayofahamika, ya moyo kukosa ukuta wa katikati kuanzia juu hadi chini, hutakiwa kurekebishwa karibu na mwezi wa sita au kabla. Hesabu mwenyewe: kikao, kikao cha kurudia kikao, maombi ya siku nyingi, safari ya kwenda kumwona mzee kijijini, pesa. Miezi sita inakwisha upesi.

Turudi kwenye swali la nani, nililoahidi.

Ushahidi wa machimbo upo, wala si uvumi wa kwenye teksi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walifuatilia watoto waliozaliwa hapa mjini kati ya 2013 na 2015, wakawalinganisha 138 waliozaliwa na kasoro na 108 waliozaliwa bila kasoro. Waliyachapisha matokeo mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Katika yote waliyopima, kitu kilichoshikamana zaidi na kasoro kilikuwa kazi ya baba inayohusiana na machimbo: uwezekano ulipanda mara 5.5 hivi. Mama mkubwa alipoisikia namba hiyo alipiga makofi.

Nikamwomba asubiri. Namba 5.5 ni ya katikati. Watafiti wenyewe waliandika kwamba, kwa uchache wa watoto waliohesabiwa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25. Halafu, na hili ndilo lililonigusa mimi, walihesabu kasoro zinazoonekana kwa macho mtoto anapozaliwa, za aina ya mdomo uliopasuka. Moyo haumo. Haungeweza kuwamo, kwa sababu kuuhesabu moyo kunataka ekografia kwa kila mtoto, na mashine hizo na watu wa kuzisoma ni wachache mno kwa jiji la mamilioni ya watu. Kwa hiyo utafiti wetu bora kabisa juu ya sumu za machimbo na watoto wetu hausemi chochote juu ya tundu la binti wa mdogo wangu. Shemeji hakuhukumiwa nao, wala hakuachiliwa. Mimi binafsi, nikilitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya machimbo ya serikali, na lile lima jeusi la mabaki ya tanuru ambalo tumelizoea hadi tukalifanya alama ya mji, naona ni aibu kwamba hatujaenda kuhesabu. Vumbi linaloletwa nyumbani na nguo za kazi ni jambo la kushughulikia hata kama halina hatia katika kesi yetu. Mfanyakazi abadilishe nguo kazini, na kiwanda kizifue. Hilo halihitaji utafiti mwingine.

Yapo mambo mengine ya nje ambayo hatia yake imethibitishwa muda mrefu. Rubela inayompata mama mwanzoni mwa mimba: daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliiona mwaka 1941 kwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, na wengi wao walikuwa na moyo mbovu pia. Kisukari kisichodhibitiwa. Pombe. Dawa kadhaa za kifafa. Mdogo wangu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Basi jeni. Hapa kikao kilinyamaza kidogo, kwa sababu neno "damu" lilikuwa limetajwa sana na kila mmoja alitaka kujua kama kitabu kinamuunga mkono.

Moyo unapojengwa, kuna jeni ambazo kazi yake ni kuamrisha jeni nyingine: hii ianze sasa, ile inyamaze. Ni wasimamizi wa ujenzi. Msimamizi akikosekana, matofali yapo na saruji ipo, lakini ukuta unakomea njiani. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watafiti wamewatambua kadhaa: TBX5 mwaka 1997, katika familia ambazo kasoro ya moyo huandamana na kasoro ya mkono, NKX2-5 mwaka 1998, GATA4 mwaka 2003. Katika familia hizo kasoro hurithiwa waziwazi, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Lakini familia za namna hiyo ni chache. Mwaka 2013 kundi kubwa la watafiti wa Marekani lilisoma jeni za watoto 362 wenye kasoro kali za moyo, pamoja na za baba na mama wa kila mtoto. Kwa takriban 10% ya watoto hao, chanzo kilionekana kuwa badiliko jipya kabisa, lililozaliwa na mtoto. Baba hana. Mama hana. Limetokea wakati yai au mbegu inatengenezwa, katika kunakili herufi bilioni tatu za maandishi ya urithi.

"Kwa hiyo si damu yetu," akasema baba mkubwa wa shemeji. "Wala yetu," akajibu mama mkubwa. Nikaona nimepatanisha watu. Kuna jambo moja sikulitaja kikaoni: watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba mabadiliko mapya ya namna hiyo hutoka zaidi upande wa baba, na huongezeka kwa takriban mawili kila mwaka wa umri wake. Ningelitaja, tungelala pale.

Kwa watoto wengi, hata sasa, hakuna jeni moja wala sumu moja inayoweza kunyoshewa kidole. Ni mambo madogo mengi yaliyokutana, na bahati mbaya. Jibu hilo haliwaridhishi watu, nami nalielewa. Kesi bila mshitakiwa ni kesi mbaya.

Kwa nini basi kuhangaika na jeni? Kwa sababu daktari wa upasuaji anazitaka, na sababu zake hazina uhusiano na kesi. Chukua mtoto aliyekosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Ni tatizo linalotokea kwa mtoto mmoja kati ya elfu kadhaa, na mara nyingi huja na kasoro za mishipa mikubwa ya moyo. Mtoto huyo anaweza pia kuwa na kalisi pungufu inayomletea degedege baada ya upasuaji, na kinga dhaifu kiasi kwamba damu anayoongezewa inabidi iandaliwe kwa namna ya pekee. Daktari asipojua, anapambana na mambo mawili wakati anadhani ni moja. Au mtoto wa trisomia, ambaye nimeshasema saa yake inakimbia zaidi.

Na kwetu Kongo kuna jeni nyingine ambayo si ya moyo kabisa, nayo kwa upasuaji wa moyo labda ndiyo ya kwanza kuulizia: ya selimundu, ile tunayoiita SS. Takriban mtu mmoja kati ya watano nchini mwetu anabeba nusu yake, AS, bila kuugua. Chembe nyekundu zenye jeni hiyo hujikunja damu ikikosa oksijeni au ikipoa, na katika upasuaji wa moyo wazi damu hupitishwa kwenye mashine na mara nyingi hupozwa. Kwa hiyo kipimo cha himoglobini kifanyike kabla ya safari, na majibu yaandikwe kwenye faili. Daktari wa Kongo atalikumbuka bila kuambiwa. Wa nchi ambako ugonjwa huo ni nadra anaweza kuhitaji kuambiwa.

Tatizo ni kwamba maktaba ya jeni ya dunia haina watu wetu. Hadi 2018, kati ya watu wote walioshiriki katika tafiti kubwa za jeni na magonjwa, 78% walikuwa na asili ya Ulaya, na 2% tu asili ya Afrika. Mtoto wa Katanga, eneo letu hili, akipimwa, maabara inakuta badiliko ambalo haijawahi kuliona, nayo haijui ni ugonjwa au ni kawaida ya watu wa Katanga. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walisoma jeni zote za watu 426 tu, kutoka makundi 50 ya lugha barani Afrika, wakapata mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426! Hao hawajazi hata viwanja vya shule yangu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wakongo wenyewe. Kuna programu ya kompyuta inayotazama picha ya uso wa mtoto na kukisia kama ana tatizo la jeni. Aimé Lumaka na wenzake wa Kinshasa na Ubelgiji waliipima kwa watoto wenye trisomia, na mwaka 2017 wakatoa matokeo: kwa watoto wa Ubelgiji iliitambua trisomia kwa 80%, kwa watoto wa Kiafrika kwa takriban 37%. Kisha programu ikafundishwa kwa picha za watoto wa Kiafrika, ikafika karibu 95%. Kumbe haikuwa na ila nyingine, ilikuwa haijatuona tu. Nawaambia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka, hasa wale wa nyuma wanaodhani utafiti ni kazi ya watu wa mbali. Ila nina sharti langu: damu ikichukuliwa Lubumbashi, jibu lirudi Lubumbashi, na mtoto aliyetolewa damu awe kwenye orodha ya upasuaji kabla ya kuwa kwenye orodha ya makala.

Upasuaji wenyewe una historia ambayo niliisimulia kwa shemeji usiku mmoja, akiwa amekata tamaa na maneno ya ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakuna aliyejua jinsi ya kuufungua moyo wa mtoto na kulifunga kwa ndani tundu la ukuta wa vyumba vya chini, kwa sababu moyo ukisimama ubongo unakufa kwa dakika chache. Mashine ya kuchukua nafasi ya moyo na mapafu ilikuwa imefanikiwa mara ya kwanza mwaka 1953 mikononi mwa John Gibbon, Philadelphia, na baada ya hapo ikashindwa, naye akaacha. Mwaka 1954, Minneapolis, Walton Lillehei akafanya jambo ambalo wengi waliliona wazimu: alimlaza mzazi kando ya mtoto, akaunganisha mishipa yao kwa mipira, na moyo na mapafu ya mzazi yakawafanyia kazi wote wawili wakati tundu la mtoto linashonwa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa mwaka mmoja hivi mwenye tundu kama la kwetu, na aliyelala kando yake alikuwa baba yake. Upasuaji ulifaulu. Mtoto akafa siku ya 11 kwa nimonia. Lillehei aliendelea, wagonjwa 45 kwa jumla, na zaidi ya nusu walirudi nyumbani, hadi mashine zilipokuwa nzuri kiasi cha kuwaachia wazazi wakae nje ya chumba. Shemeji aliuliza jambo moja tu: damu zao zilikuwa za kundi moja? Nikamwambia lazima zilingane. Akauliza kundi la binti yake.

Leo mtoto halali na baba. Mfupa wa kifua unafunguliwa, damu inapitishwa kwenye mashine, moyo unasimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu, na kiraka kinashonwa juu ya tundu. Kiraka chenyewe kinaweza kuwa cha kitambaa maalumu au kipande cha ngozi nyembamba inayoufunika moyo wa mtoto mwenyewe. Fundi anakuwa mwangalifu mno pembeni mwa tundu, kwa sababu hapo hapo unapita uzi wa umeme unaoongoza mapigo. Akiugusa vibaya, mtoto ataishi kwa kifaa cha betri cha kuongoza mapigo. Mahali pasipo na mashine hiyo, daktari anaweza kuufunga utepe mshipa unaokwenda mapafuni ili kuubana, damu isifurike. Hiyo si tiba, ni kununua muda.

Kutoka hapa njia si nyingi. Barabara ya Kasumbalesa inashuka hadi Lusaka, ambako Zambia ina Hospitali ya Taifa ya Moyo. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015. Wenye uwezo huenda Afrika Kusini, wengi wengine India. Yapo mashirika, kama La Chaîne de l'Espoir ya Ufaransa na Save a Child's Heart ya Israel, yanayowapasua watoto wa nchi zisizo na huduma hiyo. Yote yanauliza vitu vilevile: ripoti ya ekografia ya karibuni, uzito, kiwango cha oksijeni, majibu ya damu, pasipoti ya mtoto na ya mama. Pasipoti ndiyo iliyotuchelewesha kuliko moyo. Ofisi tuliyokwenda, sitaitaja, ilitaka cheti cha kuzaliwa, na cheti kilitaka baba awepo, na baba yuko zamu. Ushauri wangu ni kwamba cheti na pasipoti zianze siku ileile daktari anapotamka neno tundu. Wakati huo mtoto apewe dawa zake bila kukosa, ya kutoa maji mwilini na ya kuupunguzia moyo kazi, na alishwe kidogo kidogo mara nyingi. Kila gramu inamsogeza karibu na meza ya upasuaji.

Nitasema pia juu ya oksimeta, kale kadude kenye taa kanakobanwa kwenye kidole. Kakifungwa kwenye mkono wa kulia na mguu wa mtoto mchanga baada ya saa 24, kanawafichua wengi wa wale wenye moyo mbovu zaidi, ambao oksijeni yao iko chini bila mtu kuona. Hakangemfichua wa kwetu, maana watoto wa tundu hawawi na upungufu wa oksijeni mwanzoni. Lakini wapo watoto wanaofia nyumbani wiki ya kwanza, ukoo ukafungua kesi, wakati kasoro yao ingeonekana kwa kipimo cha dakika chache. Maternite zote za mji huu zingepaswa kuwa nako, na mkunga mmoja ambaye kazi yake ni hiyo. Wakubwa wa afya wa mkoa wakitaka, si mradi wa miaka kumi.

Binti alipasuliwa India, kwa msaada wa shirika na kwa likelemba, mchango wa kupokezana, ya wanawake wa mtaa wa mdogo wangu, ambao walimpa zamu yake mapema. Hospitali ya kule ilipima pia jeni zake. Hawakukuta kitu. Karatasi ilisema hakuna badiliko linaloweza kueleza tundu, na haikuwa na mstari wa machimbo, wala wa mahari. Niliisoma kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Upande wa mume ukasema, "Si tulisema!" Upande wetu ukasema vilevile, kwa sauti ya juu zaidi, na kila mmoja akaondoka ameshinda.

Sasa mdogo wangu ana mimba tena. Kwa mzazi aliyekwisha kupata mtoto mmoja mwenye kasoro ya moyo isiyo na jeni inayojulikana, uwezekano wa wa pili ni takriban wawili hadi wanne kati ya mia. Si jambo la kumnyima mtu usingizi, lakini linatosha kuomba ekografia ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, kati ya wiki ya 18 na ya 22, kwa mtu anayejua kuutazama. Tumeshampata na tarehe imewekwa. Mama mkwe wake amekubali, kwa masharti mawili: isiangukie Jumapili, na pesa ya teksi itoke upande wetu.